Muhogo Niliowaficha Wanangu

Mwanangu Kasiani,

Ungekuwa mbali ningeanza kwa kukuuliza hali na kukupa salamu za majirani, kama tulivyofundishwa shuleni. Lakini hujafika mbali. Umepanda kilima kwenda kumuaga shangazi yako, na shati ulilolipiga pasi mwenyewe, na hali yako naijua: umeshiba na una hofu. Mimi pia nina hofu. Ndiyo maana nimeshika kalamu kabla hujarudi, kwa sababu ukirudi nitafungua mdomo, na mdomo wangu unajua kazi moja tu, kutoa amri. Baba yako husema ningezaliwa mwanaume ningekuwa katibu tarafa.

Barua hii nitaiweka katikati ya shuka zako. Usiifungue kwenye lori. Ile barabara ya kushuka ziwani haimtaki mtu anayesoma, utatapika hata chai ya jana. Ngoja ufike kwenye chumba chako, ufagie, utandike, ndipo usome.

Sitakuandikia mambo ya kila siku. Chumvi kiasi gani, maharage yalowekwe lini, ugali uepuliwe wakati gani, hayo tumeyafanya pamoja tangu majibu ya mtihani yatoke, na mikono yako inayakumbuka kuliko karatasi. Wala sitakuambia usali na uheshimu walimu. Padri ameshasema, na baba yako atasema tena kesho asubuhi huku akijifanya anakaza kamba ya mzigo. Nataka kukuandikia jambo nililokaa nalo tangu kaka yako Otmari afariki. Wewe unalijua nusu.

Unajua alifia huko huko unakokwenda. Unajua kilikuwa chakula. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza darasa la kwanza, tukakuambia "alikula kitu kibaya", na baada ya hapo hakuna aliyelizungumza tena humu ndani. Ulipouliza nilikufukuza ukachote maji. Nimekufukuza mara nyingi ukachote maji, mwanangu, hata pipa likiwa limejaa.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, maana mwanzo wake haukuwa kwa Otmari. Ulikuwa kwangu, nikiwa bibi arusi.

Unajua nilizaliwa ufukweni, ingawa sikuwahi kuwapeleka. Kwetu chakula kilikuwa muhogo na samaki. Kabla sijajua kusoma nilijua muhogo mchungu unavyotakiwa kufanywa: unaumenya, unautia majini, unauacha siku kadhaa sumu yake itoke, mpaka ukiubonyeza unalainika na unatoa ile harufu yake, unautoa nyuzi, unauanika ukauke kabisa, ndipo unautwanga. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Nilikuwa nyuma ya mama yangu kutwa nzima, mkono wake ulipokwenda wangu ulifuata. Alipofariki, shangazi akaniendeleza hivyo hivyo. Baba yako alishuka kujifunza useremala misheni, akapanda milima na meza moja na mke mmoja. Shangazi naye alipofariki, ndugu zangu wachache waliobaki walivuka ziwa wakahamia ng'ambo, nami sikuwa tena na mlango wa kubisha kule.

Wakati ule ukoo wa baba yako bado walikula sengu. Wewe hukuikuta ikiwa na nguvu. Jioni wanaume na watoto wote wa kiume walikusanyika kwa babu yako, kila mke akapeleka chakula alichopika, wakala pamoja, wakazungumza mambo ya ukoo, wakarekebishana. Ilikuwa desturi nzuri na sitaisema vibaya. Mtoto ambaye kwao hakukuwa na kitu alishiba pale bila kuomba. Lakini kwa bibi arusi mgeni sengu ilikuwa mtihani, kwa sababu vyombo vyako vikirudi vinarudi na majibu, na wanawake wenzako wako jikoni wanavingoja.

Mara yangu ya kwanza nilipika nilichokijua kuliko vyote. Nilikuwa nimekuja na unga wa muhogo wa kwetu, mweupe, niliuchekecha mara mbili. Nikasonga ugali laini ukang'aa. Nikaunga mbasa, samaki mkavu wa ziwani, kwa karanga. Nilijipongeza, Kasiani. Nilijisemea leo watajua wameoa.

Mbasa waliisha. Ugali ulirudi mzima, na alama ya kidole kimoja pembeni, kama mtu aliyejaribu kuona kama rangi ya mlango imekauka. Bibi yako aliutazama, akatabasamu, akasema: "Mwanangu, huku kwetu njaa bado haijafika ya kula mizizi." Alisema kwa utani. Wifi zangu walicheka mpaka wakajifuta machozi kwa kanga, nami nikacheka nao. Kesho yake unga uliobaki niliwamwagia nguruwe.

Sikuupika tena. Nikashika kulima ngolo, nikajifunza kulaza nyasi, kufukia, kuacha yale mashimo katikati ya kushika maji, nikapanda maharage na mahindi kama wenzangu. Nikawa Mmatengo kuliko Wamatengo. Kinyasa, lugha ya kwetu, niliongea na nguruwe tu. Nanyi mlipozaliwa sikuwapikia muhogo hata siku moja, na wanawake wa ziwani walipoupitisha hapa kuuza niliutazama kama sijawahi kuuona. Aibu ni kitu cha ajabu. Ile ya siku moja niliilea kama mtoto, nikaitunza mpaka ikawa kubwa kuliko mimi.

Otmari alipenda jiko. Hilo hulijui. Alikuwa anakaa mlangoni akichungulia sufuria, akiuliza mbona kitunguu kinaanza na nyanya inafuata, mbona majani ya maboga hayafunikwi. Nami nilimwambia toka, nenda kwa babu zako, mwanaume chakula chake hukuta kimeiva. Sikumfukuza kwa ubaya. Niliogopa watasema yule mwanamke wa ziwani anamharibu mtoto wa ukoo.

Halafu mambo ya nchi yakabadilika. Zamani kahawa tulipeleka chama cha ushirika, tukangoja malipo mpaka tukasahau tuliuza nini. Zikaja siku za biashara huria, wanunuzi wenye magari yao wakawa wanafika mpaka uani na fedha mkononi. Kila mtu akachangamka, na mimi nilichangamka. Sengu ikafa kimya kimya, maana mwenye redio alitaka kula karibu na redio yake. Maduka yakajaa. Tukauza maharage yote, tukauza mayai yote, tukanunua sembe nyeupe, mafuta ya kukaangia na sukari, tukanywa chai nzito kwa maandazi asubuhi na jioni, tukaamini hayo ndiyo maendeleo. Nesi wa kliniki alikutazama wewe midomo imekuchanika pembeni, akaniuliza, "Mama Otmari, mayai ya kuku wako yanakwenda wapi?" Nilimjibu kwa kiburi kwamba yanakwenda kuwa bati za nyumba.

Huo ulikuwa upepo wa wakati ule, na ulimpata Otmari akiwa kijana mwenye miguu mepesi. Akaungana na wenzake wawili, wakachukua fedha ya kahawa washuke ziwani kununua usipa, wale dagaa wetu, wawapandishe Mbinga kuwauza. Nilimfungia blanketi na mfuko wa unga wa mahindi. Usiku wa kuamkia safari, akiwa anakula, aliniuliza hivi: "Mama, kule kwenu wanakula nini?"

Swali hilo, Kasiani. Lilikuja lenyewe mpaka mezani kwangu. Ningelijibu kwa maneno machache tu, muhogo wa kule ni mchungu, ukikosa unga waombe kina mama wakupe uliokwisha kulowekwa, usiutwange mwenyewe. Bibi yako alikuwa amekaa pale pale. Nikamjibu, "Wanakula wanachokula watu. Wewe una unga wako."

Alicheka, akaendelea kula.

Haya mengine niliyapata kwa Vitusi, mmoja wa wale wenzake. Mvua zilikata barabara na lori likakwama juu. Wakabaki kwenye kibanda cha kupanga, usipa wakiwa wamenunuliwa, wamekaushwa, wamejaa kwenye magunia. Unga ukaisha. Mahindi ufukweni yalikuwa hayapatikani. Wakanunua mihogo shambani kwa mtu ambaye hakudhani kuna binadamu asiyejua kuishughulikia. Wakaimenya, wakaikata vipande, wakaianika juu ya mwamba jua lilipotoka kidogo katikati ya mvua, wakaitwanga siku ya pili yake. Mwenye njaa hana miiko. Wakasonga ugali wakaula kwa chumvi na pilipili.

Kwa chumvi, mwanangu, huku wameegemea magunia ya dagaa. Vitusi aliniambia yeye alitaka kuchota kidogo wapike, Otmari akamkataza: "Usiguse, hiyo ni mali." Kwetu kila mtu mzima anajua muhogo hauliwi peke yake, una rafiki yake samaki. Lakini mwanangu alikuwa amejifunza kwangu. Alikuwa ameona mayai na maharage yakitoka mlangoni kwetu kwenda sokoni, naye akafanya vile vile kwa adabu kabisa. Jioni wakaanza kizunguzungu na kutapika. Wenzake walipona. Otmari alikuwa amekula zaidi, maana ndiye aliyekuwa amefanya kazi zaidi.

Vitusi alipanda kwa miguu kuja kutuambia anaumwa. Baba yako alikuwa Songea, nikashuka mimi. Nilipofika zahanati walikuwa wameshamfunika.

Sehemu inayofuata hata baba yako haijui.

Pale kando walikuwepo wanawake wawili wenyeji, mmoja mtu mzima, ameleta ndoo ya maji ya kumwoshea. Walikuwa wanaongea Kinyasa kwa sauti ya chini, wakiamini sielewi. Mtu mzima akasema, masikini, muhogo haukukaa majini, hivi huyu hakuwa na mama wa kumwambia? Mwenzake akajibu kwamba watu wa milimani hawaujui, si kosa lao. Kisha yule mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu kabisa, "Pole sana, mama. Wewe mwenyeji wa wapi?"

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Lugha ile ndiyo niliyoimbiwa nikiwa mgongoni. Nikamtazama machoni nikasema, "Mimi ni wa Mbinga. Kwetu hatuujui muhogo."

Akanishika mkono. Akasema, "Basi usijilaumu, mwanangu." Nikauacha mkono wangu ndani ya mkono wake, nikaipokea ile huruma kama vile ni haki yangu. Halafu nikaenda kukaa nje ukutani mpaka walipomaliza kumwosha. Tulimzika huko huko kwa sababu ya barabara, kwenye makaburi ya nyuma ya kanisa, na baba yako alifika udongo umeshakauka.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu yalikuja mapema, yakawa ndiyo mtoto, yakala na mimi na kulala na mimi. Sikumlaumu bibi yako hata mara moja, naomba na wewe usimlaumu. Yeye alitania. Kunyamaza nilinyamaza mwenyewe, miaka yote ile, na kila siku nilikuwa na nafasi ya kusema.

Basi ukienda kaburini kwa kaka yako usijisumbue kutafuta maneno. Kaa kidogo, ng'oa majani, urudi. Na watu wa huko wakikuuliza mama yako ni mtu wa wapi, waambie ni wa hapo hapo, alizaliwa hapo, alinyonya hapo. Waambie wazi. Mimi nilishindwa.

Ungefikiri mtu aliyepatwa na hayo angekimbilia kumfundisha mtoto aliyebaki. Mimi nilifanya kinyume. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilishtuka kwa sufuria. Hakuna aliyeruhusiwa kupika humu ila mimi. Nilionja kila kitu kwanza, nikakaa, nikajisikiliza, nanyi mmeshika sahani mnaningoja kama watu wanaongoja padri abariki. Ukienda kwa shangazi yako nilikuuliza umekula nini, nani kapika, maji yalitoka wapi. Watoto wenzako walikuita Kasiani wa mama. Nilisikia, nikajifanya sijasikia.

Siku ile ya maharage unaikumbuka. Nami naikumbuka kuliko unavyodhani. Ulikuwa mdogo bado, mimi nimechelewa ngoloni, ukayaweka maharage jikoni mwenyewe. Niliporudi nilikuta yameiva, umeyaunga kitunguu, umeyafunika, na wewe umekaa pembeni umenawa mikono. Ulikuwa unatabasamu. Sikukuuliza neno. Niliibeba sufuria mpaka bandani nikaimimina kwa nguruwe, nikarudi nikakupiga. Hukulia kwa kipigo. Ulilia ulipowaona nguruwe wanakula.

Yalikuwa maharage mazuri. Niliona jinsi yalivyopasuka vizuri, na mchuzi ulivyoshika. Nimetaka kukuambia hivyo miaka yote hii. Tangu siku hiyo hukusogelea jiko tena, hata moto wa kuota uliukalia mbali, nami nikajiridhisha kwamba uko salama. Mtoto asiyeweza kujilisha nilimhesabu kuwa salama.

Ndipo majibu yakatoka, umechaguliwa, shule ya kutwa, chumba cha kupanga, ufukweni. Baba yako alipiga magoti akamshukuru Mungu. Mimi nilitoka nje nikakata kuni ambazo hazikuhitajika.

Mengine unayajua, ila nataka ujue nilivyoyaona mimi. Ugali wako wa kwanza ulikuwa na mabonge, na katikati ni uji. Baba yako aliutazama akauliza, "Huu tuule au tuunywe?" Nikakunyang'anya mwiko. Kesho yake nikakunyang'anya tena. Ikawa kila ukikoroga mkono wangu uko juu ya mkono wako, mpaka siku ile ulipouachia mwiko ukaanguka, ukasema, "Mama, basi pika mwenyewe, na kule twende wote." Nilikasirika sana. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeshawaza hivyo, kupanga chumba jirani, niuze vitumbua, nikuonjee.

Kuanzia hapo nilihamia nje. Nilikuwa nakaa juu ya kinu kilichoinamishwa, nasikia unavyokohoa moshi, nasikia kifuniko kinaanguka, nasikia unavyotukana kitunguu, nami nimejifunga mikono kwenye kanga nisije nikaingia. Ulichemsha majani ya maboga mpaka yakawa meusi, ukayala mwenyewe bila kununa, kesho yake ukayaepua yangali kijani na ukatwanga karanga bila kuambiwa. Kumbe hivyo ndivyo mtu anavyojifunza. Mimi nilidhani anajifunza kwa kukatazwa.

Jambo moja tu la sokoni nitalisema, kwa sababu lilimgharimu kaka yako. Ukifuga kuku huko, yai la kwanza kula wewe, la pili ndilo liende kwa mnunuzi. Ukipata samaki, usimuuze wote ukabaki unajaza tumbo kwa ugali mtupu ili siku moja upate bati. Mwili wako ndiyo nyumba ya kwanza kuezeka.

Muhogo niliuacha mwisho kabisa. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Mpaka juzi juzi nilipokwenda soko la Mbinga nikamkuta mama mmoja wa ziwani na tenga lake, nikasimama mbele yake muda mrefu mpaka akaniuliza kama naumwa. Nikamsalimia kwa Kinyasa. Lugha ilitoka na kutu, lakini ilitoka. Akafurahi akaniongezea mihogo miwili.

Ulishangaa nilipoileta nyumbani, na ulishangaa zaidi nilipokupa ndoo nikakuambia leo tunajifunza chakula cha kwetu. Ilipokaa majini ikaanza kunuka, bibi yako, ambaye macho yamemwishia ila pua bado, alipaza sauti kutoka chumbani, "Nini kimeoza humu?"

"Ni muhogo, mama," nikamwambia. "Mjukuu wako anajifunza kupika kama watu wa kwetu."

Nilimsikia akijigeuza kitandani. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Ile siku mimi nilitania tu, mwanangu."

Kumbe na yeye alikuwa nayo. Nikamwambia, "Najua, mama," nikaingia kumfunika miguu. Wewe ulikuwa uani unabonyeza muhogo kwa kidole, hukusikia.

Sasa nimefika kwenye leo mchana. Najua tulikuwa wote mezani, ila ulikuwa upande wako wa meza na mimi upande wangu.

Ulipika peke yako mwanzo mpaka mwisho. Unga ulioutwanga wewe, kutoka kwenye muhogo uliouvundika wewe, ukauanika wewe, ukaukatalia mara moja ukasema bado una unyevu, nami nilikuwa nimeshaona umekauka. Ulikuwa sahihi wewe. Ukaunga usipa kwa nyanya na kitunguu, ukaweka majani mengi pembeni. Ukatuita. Tukakaa. Na kwa mazoea ya miaka yote, hakuna aliyenyoosha mkono. Baba yako aliweka mikono mapajani. Bibi yako aligeuza uso upande wangu. Ukasema, "Mama, onja."

Nikakuuliza, "Umepika wewe. Unakijua chakula chako au hukijui?"

Ulivuta sahani karibu. Halafu ukasema, "Nakijua," ukamega tonge, ukachovya, ukala.

Kasiani, nilitaka kukupiga mkono tonge lidondoke. Nakuambia kweli. Nilishika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili, nikakutazama wewe, mtoto wa ukoo wa milimani, unavyotafuna ugali wa muhogo, na sura yako wakati ule ilikuwa ya kaka yako kabisa. Ukameza, ukamega la pili. Baba yako akafuata. Nami nikanyoosha mkono nikala, sikungoja, sikujisikiliza. Nilikula mpaka nikashiba. Tangu tumzike Otmari ndiyo mara yangu ya kwanza kushiba nikiwa mezani na wengine. Uliponiona nalia ulidhani ni kwa sababu unaondoka, ukaniambia Krismasi si mbali. Nilikuacha udhani hivyo.

Nasikia unateremka kilima unapiga mluzi, basi niharakishe.

Otmari hakuwa mjinga, wala mlafi. Alikuwa mtoto mwenye njaa aliyepika bila kujua, kwa sababu aliyejua alinyamaza. Wewe umeambiwa. Najua huko utaunguza, utazidisha chumvi, siku nyingine utalala na chai. Lakini njaa ikikushika usiiogope sufuria, na usijiulize mama angesema nini. Washa moto, pika, ule kwanza wewe. Mimi sitakuwepo kuonja.

Mama yako